Sauti ya Kisichoonekana: Filamu za Njozi Zilivyojifunza Kusikika

Kosele ni mji wa soko karibu na Oyugis, katika Rachuonyo Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Katika vijiji vya pande hizo, kama kwingineko Ujaluoni kandokando ya Ziwa Victoria, habari zikienea usiku kwamba mapepo waitwao nyawawa wanapita, watu hawatoki kwenda kuchungulia. Wanashika kilicho karibu: sufuria, sinia, debe tupu, mfuniko, mwiko. Wengine wanagonga milango, wengine wanapiga mabati kwa fimbo. Kelele huanzia mbali, nyembamba, kama mvua inayokuja juu ya mabati ya jirani. Boma moja hupokezana na jingine, mbwa wanaingilia, watoto wanaamshwa, na ghafla kelele iko juu ya paa lako mwenyewe. Kisha inakupita. Unaisikia ikisogea kijiji kinachofuata, ikiwasukuma mapepo hao mbele kwa mbele, hadi masikio yanabaki na ukimya mzito kuliko ule uliokuwepo kabla.

Ukiuliza nyawawa anafanana na nini, hupati jibu moja. Mwingine atasema ni upepo, mwingine roho za wafu zisizotulia. Hakuna mchoro wake. Lakini mtu aliyekulia huko anajua kabisa usiku wa nyawawa unasikikaje, na anaweza kukueleza kelele ilivyotoka, ilivyopita na ilivyoishia. Kiumbe huyo ameumbwa kwa sauti, tena sauti iliyotengenezwa na kijiji kizima kwa vyombo vya jikoni.

Ninaanza na desturi hii kwa sababu nataka kusimulia historia ya kazi ambayo majina ya wenye kuifanya hupita kwenye skrini wakati watazamaji wameshasimama kuondoka. Ni kazi ya mbunifu wa sauti, na hasa namna anavyoshirikiana na mwelekezi pale filamu inapoacha mambo ya kila siku na kuingia ndotoni, kuzimu, au katika dunia ambayo haijawahi kuwepo. Wengi huamini kwamba filamu za namna hiyo ni shughuli ya picha: rangi, vinyago, ujanja wa kamera. Mimi naamini kinyume. Jicho ni bishi, hutafuta kasoro. Sikio huamini upesi, na likishaamini hulivuta jicho nyuma yake.

Moja ya filamu za njozi zilizo maarufu sana ilizaliwa bubu. Mwaka 1929 mjini Paris, Luis Buñuel na Salvador Dalí walionyesha Un Chien Andalou, filamu fupi isiyofuata mantiki yoyote ya hadithi. Buñuel alisimama nyuma ya skrini akiwa na gramafoni, akibadilisha santuri kwa mkono: mara tango za Argentina, mara Wagner. Mfukoni alikuwa na mawe, tayari kuwarushia watazamaji kama wangemzomea. Hawakumzomea. Siku ile mwelekezi na mtu wa sauti walikuwa mtu mmoja, na sauti ilitengenezwa palepale, filamu ikiendelea kukimbia.

Miaka sita baadaye gramafoni ilikuwa ikicheza nyuma ya skrini nyingine, katika milima ya Usambara. Mwaka 1935, pale Vugiri, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Hadi 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35. Picha zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, bila sauti. Sauti ilirekodiwa kando katika santuri, kwa lugha mbalimbali za watu wa Afrika Mashariki na Kati, kisha lori likabeba projekta, jenereta, spika na santuri hizo likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia. Picha ileile ya mkulima yuleyule iliweza kusema lugha moja leo na lugha nyingine wiki ijayo, kutegemea santuri iliyowekwa.

Nyingi ya filamu hizo zilihusu kodi, minyoo, kilimo na benki ya akiba ya posta. Hata hivyo katika orodha yao kuna moja iliyonivutia tangu nilipoisoma: hadithi ya Sungura na Chui. Ina maana kwamba hata watu waliokuja kutufundisha kuweka akiba waliona kuwa huwezi kumkusanya Mwafrika usiku mbele ya skrini bila kumpa mnyama anayesema. Ushirikiano wa sauti na picha, hata hivyo, ulikuwa dhaifu. Santuri na picha havikwenda sambamba vizuri, ubora wa sauti ulilalamikiwa, na serikali ya kikoloni ilipokataa kuendelea kuulipia, mradi ukafa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi kwa yeyote anayependa ndoto. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mizungusho. Picha iwe ndefu na ya polepole, kamera isirukeruke, hila za kamera ziepukwe kabisa. Kisa kilichorudiwarudiwa kuhalalisha kanuni hiyo ni cha mbu aliyekuzwa akajaa skrini, na watazamaji wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Kwa kisa kama hicho watu wa bara zima wakanyimwa njozi kwenye skrini, watu ambao babu zao walikuwa wakiwasimulia usiku habari za ziwa lililomeza kijiji.

Ziwa hilo lipo. Ni Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay. Masimulizi ya Wajaluo yanasema palikuwa na kijiji kilichokuwa kikisherehekea, bibi mzee akaja kuomba hifadhi, akafukuzwa, na mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama na watu wake. Grace Ogot, mwandishi aliyepata pia kufanya kazi ya utangazaji wa redio, alikiandika kisa hicho kwa Kijaluo mwaka 1983. Mtu aliyelelewa kwa kisa hicho ndiye aliyeambiwa kwamba mbu mkubwa atamchanganya.

Lakini Sellers aliacha mlango mmoja wazi, nao ulikuwa wa sauti. Filamu za kitengo chake nyingi zilikuja bila maneno, na kando ya gari la sinema alisimama mkalimani na maikrofoni, akieleza kwa lugha ya wenyeji kinachotokea. Alipewa karatasi ya maelezo, lakini usiku, mbele ya umati, nani angemshika? Yeye ndiye aliyeamua wapi pa kuchekesha, wapi pa kunyamaza, wapi pa kumpa mzungu wa kwenye skrini sauti ya chifu wa jirani. Ukitaka kujua nani alikuwa mbunifu wa sauti wa kwanza katika Afrika Mashariki, jina lake halikuandikwa popote, ila kazi yake ni ile.

Wajukuu wake tunawajua. Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliyezitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili akizipa wahusika tabia na vichekesho ambavyo mwenye filamu hakuviota. Uganda ikawapata wale wanaoitwa VJ katika vibanda vya video. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie juu ya picha ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Anaingilia, anashangilia, anatabiri, anamtania mhusika anayekaribia kufa. Huko nje watu waliipokea filamu ile kama kioja kipya. Kwa aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video Kampala, Dar es Salaam au Kisumu, hakukuwa na jipya: palikuwa na picha, na palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuigeuza kwa mdomo.

Miongo kadhaa kabla ya Captain Alex, upande wa pili wa dunia, ushirikiano wa mwelekezi na mtu wa sauti ulikuwa umefikia kiwango ambacho kila mwanafunzi wa filamu anapaswa kukijua. David Lynch alianza kupiga Eraserhead mwanzoni mwa miaka ya 1970, na filamu ikatoka 1977. Mwenzake wa sauti aliitwa Alan Splet, na walikwisha kufanya kazi pamoja katika filamu fupi ya The Grandmother, ya 1970. Picha zilipokwisha, Lynch hakumkabidhi Splet mkanda aende nao. Walijifungia pamoja kama mwaka mzima. Kwa tukio moja la mapenzi, Splet alitia maikrofoni ndani ya chupa, chupa ikaelea kwenye beseni la kuogea, akarekodi hewa inayopulizwa humo. Ukisikia sauti hiyo ndani ya filamu huwezi kuitaja, lakini mwili wako unajua kuna kitu hakiko sawa. Hapo ndipo ufundi ulipo: kitu cha nyumbani kabisa, kikasikizwa kutoka mahali ambapo sikio halijawahi kukaa.

Mwaka 1979 zilitoka filamu mbili zilizolisogeza jambo hili mbele. Katika Stalker ya Andrei Tarkovsky kuna safari ndefu ya kitoroli cha reli kinachowapeleka wanaume watatu katika eneo lililokatazwa. Magurudumu yanagonga reli, na taratibu, bila kukuarifu, mtunzi Eduard Artemyev anayageuza kuwa sauti ya kinanda cha umeme. Mandhari ni zile nyasi na vifusi vya kawaida, wala hakuna hila ya kamera. Umevushwa mpaka kwa masikio. Nyingine ni Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, ambamo mwanzoni panga la feni ya hotelini linasikika kama helikopta, kazi ya Walter Murch. Kuanzia filamu hiyo jina la cheo, mbunifu wa sauti, likaanza kushika katika ulimwengu wa Kiingereza. Sellers angekiita chumba kile cha hoteli mizungusho.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikitafuta njia yake. Mwaka 2001 Martin Mhando wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani walitoa Maangamizi: The Ancient One. Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka 20. Daktari anakuja kutoka Marekani, naye bibi wa kale, mzimu wa ukoo, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan, anatokea. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ninaitaja kwa sababu ya ule ukimya. Mhusika mkuu asiyesema huwalazimisha mwelekezi na fundi wa sauti waamue jambo ambalo filamu za maneno mengi hulikwepa: Samehe anaposikiliza, anasikia nini? Na sisi tusikie anachosikia yeye, au anachosikia daktari? Hakuna mwandishi wa skripti anayeweza kujibu swali hilo peke yake, kwa sababu jibu lake haliandikiki kwa mazungumzo.

Nchini Kenya mafundi walikuwepo muda mrefu kabla ya njozi. Taasisi iliyokuja kuwa Kenya Institute of Mass Communication ilianza 1961 kufundisha mafundi mitambo wa utangazaji, na vizazi vya watu wa sauti vilipita humo wakaenda redioni na kwenye televisheni. Filamu zilizotengenezwa nyumbani, kuanzia Kolormask ya Sao Gamba mwaka 1986 na Saikati ya Anne Mungai mwaka 1992, zilikuwa na kiu ya kusimulia maisha jinsi yalivyo: ndoa, jiji, mila. Kiu hiyo ilikuwa halali. Njozi ilisubiri.

Kisha, katika muda wa miezi michache tu, zikatoka mbili. Ya kwanza ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika zisizozidi 25, iliyopigwa Afrika Kusini na kuonyeshwa Sundance mwaka 2010. Ni miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena, na kuota ndoto ni kosa linalotibiwa kwa dawa. Asha, mtunza makumbusho, anaota mti. Wahusika karibu hawafungui midomo kuongea. Mawasiliano yanapita kwenye mashine. Kwa hiyo kinachobaki ni kile ambacho jina la filamu linakiahidi: kupumua, maji yanayodondoka, milango, na muziki wa Siddhartha Barnhoorn. Kahiu aliliondoa neno, na kwa kuliondoa akampa mtu wa sauti kiti cha mbele. Asha anapovuka mlango na kukutana na jangwa, tofauti ya ndani na nje ni ya hewa kabla ya kuwa ya rangi.

Ya pili inaturudisha kwa nyawawa. Tom Tykwer, mwelekezi Mjerumani wa Run Lola Run, na mwenzake Marie Steinmann walianzisha One Fine Day Films mwaka 2008, baada ya mafunzo ya sanaa kwa watoto wa Kibera, Nairobi. Mpango ulikuwa Waafrika vijana watengeneze filamu wakiwa na walimu wa fani mbalimbali kando yao. Filamu ya kwanza ikawa Soul Boy, iliyoelekezwa na Hawa Essuman kwa skripti ya Billy Kahora na kutoka 2010. Abila, kijana wa Kibera, anamkuta baba yake akiwa hoi. Mzee anasema roho yake imechukuliwa. Aliyeichukua ni Nyawawa, na katika filamu hii Nyawawa ni mwanamke anayeishi katika nyumba ambayo Abila inambidi aiingie, akapewe majukumu saba ili baba akombolewe. Filamu ilishinda tuzo ya watazamaji ya Dioraphte kule Rotterdam.

Nimewahi kusikia wazee wakisema kumpa nyawawa sura ni kukosea. Sikubaliani nao kabisa, kwa sababu Kibera si Rachuonyo, na hadithi inayohamia mjini hubadilisha nguo. Lakini hoja yao ina uzito ambao waelekezi wetu wangepaswa kuusikiliza. Kule Kosele mwenye nguvu si pepo, ni kijiji chenye sufuria mkononi. Nyawawa akiwa mwanamke chumbani, mtu mmoja anaweza kwenda kujadiliana naye. Akiwa ni kelele inayopita juu ya mapaa, hakuna wa kujadiliana naye. Kuna kumpiga kwa sauti tu, na huwezi kumpiga peke yako. Hizo ni filamu mbili tofauti. Ya pili bado haijatengenezwa, na mji wa mabati kama Kibera umejaa vifaa vyake.

Shule ya One Fine Day iliendelea mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2016 ikazaa kile ninachokiona kuwa filamu bora ya njozi iliyowahi kutoka Kenya: Kati Kati ya Mbithi Masya. Mwanamke, Kaleche, anajikuta nyikani akiwa na gauni la hospitali, hakumbuki lolote. Anaifikia hoteli ya mbugani ambako wakazi wanamweleza kwa upole kwamba amekufa, na wao pia. Wanachokihitaji wanakiandika kwenye karatasi na kinatokea. Hawawezi kuondoka hadi kila mmoja amalizane na kile alichokiacha nyuma. Anayezidiwa na hatia anapauka mwili hadi anakuwa mweupe kama mzuka. Mmoja wao, mtumishi wa Mungu, anabeba moto wa kanisa, na hakuna Mkenya anayezikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzo wa 2008 anayehitaji kuelezwa ni moto gani. Filamu ilipata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kule Toronto, kisha Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar.

Masya hakutoka shule ya filamu tu. Alikuwa mmoja wa Just A Band, kundi la muziki la Nairobi lililotutengenezea Makmende, yule shujaa wa video ya muziki, mwaka 2010. Tykwer naye, mlezi wa mradi, ni mtunzi wa muziki ambaye kwa filamu zake kadhaa hutunga kabla ya kamera kuwashwa, ili waigizaji waufanyie kazi muziki ambao tayari upo. Muziki wa Kati Kati ni wa Xaver von Treyer, mkono wa kuhariri ni wa Angela Wamai. Fikiria sasa mzigo uliowekwa kwa watu wa sauti. Kuzimu hiyo haina giza wala mapango. Ina jua, bwawa la kuogelea, viti vya plastiki, nyasi. Kamera peke yake inakuonyesha wikendi ya mapumziko. Kinachopaswa kukuambia kwamba hapa si duniani ni vitu vinavyokosekana: hakuna barabara kwa mbali, hakuna jenereta ya jirani, hakuna redio ya mtu mwingine, hakuna mwangwi wa watu wasio kwenye picha. Mkenya yeyote anajua kwamba nchi hii haina mahali palipo kimya kiasi hicho. Kumwondolea mtazamaji sauti za nchi yake ni kazi ya subira kuliko kumwongezea milipuko, na haifanyiki kama mwelekezi hajaiamini tangu skripti.

Wamai aliyehariri Kati Kati akaja kuelekeza filamu yake mwenyewe, Shimoni, ya 2022. Mwanamume anatoka gerezani na kupelekwa kijijini, na huko kitu cha kutisha cha utotoni kinamrudia. Ilipata Farasi wa Shaba wa Yennenga kwenye tamasha la filamu la FESPACO mwaka 2023. Haishangazi kwamba mtu aliyekaa miezi kwenye chumba cha uhariri akipima ukimya ndiye aliyejua namna ya kuutumia hofu inapoanza.

Majirani zetu wamefika mbali zaidi, na wote kupitia muziki. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na kuonyeshwa Cannes 2021, imo ndani yake Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Inaanzia kwenye machimbo ya koltani, na wachimbaji wanapopiga ngoma juu ya machimbo yao, madini yanayoingia kwenye simu zetu yanapata mdundo wa mikono iliyoyachimba. Williams alikuwa ameishi na wahusika wa filamu hiyo kwenye albamu yake ya 2016 kabla ya kuwapeleka kwenye skrini. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alifanya vivyo hivyo na Augure ya 2023, filamu ya watu wanne wanaohesabiwa kuwa wachawi. Aliwatungia albamu nne, kila mmoja na yake, ili amjue mhusika kwa mlio kabla ya kumjua kwa mavazi. Cannes ilimpa tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard.

Ukiziweka filamu hizi pamoja utaona jambo ambalo linanisumbua. Masya ni mwanamuziki. Williams ni mwanamuziki. Baloji ni mwanamuziki. Njozi zetu bora zimetoka kwa waelekezi ambao wenyewe ni watu wa sauti, kama Buñuel na gramafoni yake. Hiyo ni baraka, lakini ni dalili pia kwamba mwelekezi wa kawaida wa Afrika Mashariki, asiye na bendi, bado hajajifunza kukaa meza moja na mbunifu wa sauti. Desturi ya kazi zetu nyingi ni ileile: fundi anaitwa siku ya kupiga, anashika fimbo ya maiki, anaambiwa asiingie kwenye fremu. Filamu ikishahaririwa, mtu mwingine anaombwa kuweka upepo na bundi kwa wiki moja, kutoka kwenye maktaba ya sauti iliyorekodiwa Marekani. Ndiyo maana usiku wa kijiji cha Nyanza katika filamu nyingi una mbweha wa Arizona.

Na utajiri upo. Nyatiti peke yake ni somo zima. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, nyuzi nane mkononi, njuga za gara mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ubao wa chombo. Ni sauti tatu kutoka kwa mtu mmoja: uzi, chuma na njuga. Mpiga nyatiti Ayub Ogada alipoupeleka muziki huo duniani mwaka 1993, wimbo wake Kothbiro haukubaki nyumbani. Fernando Meirelles aliutumia kwenye The Constant Gardener mwaka 2005, na watu wasiojua Kisumu iko wapi walilia kwa sababu yake. Halafu kuna tero buru, siku ya kuifukuza mauti baada ya mazishi, ng'ombe wakikimbizwa, ngoma, filimbi na vigelegele vikienda na kurudi uwanjani. Mwelekezi anayetaka kuonyesha mpaka wa walio hai na wafu anaweza kukodi moshi na taa za buluu. Au anaweza kwenda Rachuonyo na mtu mwenye maikrofoni mbili, akaiweka moja katikati ya uwanja na nyingine ndani ya nyumba ya marehemu, ambako kelele ileile inaingia kupitia ukuta wa udongo ikiwa imepunguzwa makali. Maikrofoni ya pili ndiyo itakayompa kuzimu.

Kazi hii haihitaji fedha za Ulaya kuanza. Inahitaji mwelekezi ampe mbunifu wa sauti skripti siku ileile anayompa mpiga picha. Wasome pamoja, wakubaliane ni tukio gani litasikika kutoka ndani ya kichwa cha mhusika na lipi kutoka nje. Waende mahali pa kupigia kabla ya waigizaji, wakae hapo saa nzima bila kuongea, mchana na tena usiku. Sauti zirekodiwe mapema, mhariri azipate akiwa bado anakata, na mwigizaji asikilizishwe kile ambacho mhusika wake anakisikia. Na jina la mtu huyo lije mapema kwenye skrini, wakati watu bado wameketi.

Vijana wa Kosele, Oyugis, Kendu Bay na Rongo wana simu zinazorekodi sauti safi kuliko santuri za Vugiri. Waelekezi wa Nairobi, msiwangoje waje mjini. Nendeni mkawaajiri kwao, usiku kelele ikianza.